Tupeane uzoefu: ziara za wasanii wa lebo kubwa zinapofika Arusha na Moshi

Mkazi wa Kaloleni

Ndugu zangu wa Kaskazini, nawasalimu. Tangu wiki iliyopita kuta za karibu na soko la Kilombero zimebandikwa bango la lebo moja ya Dar es Salaam inayowaleta wasanii wake wote kwa pamoja, Jumamosi Arusha na Jumapili Moshi, kuzinadi nyimbo walizotoa mwaka huu. Nilipolisoma nilikumbuka usiku mmoja katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Tuliingia saa mbili kama tiketi ilivyosema, tukawatazama chipukizi wakipanda na kushuka jukwaani, mpaka nyota aliyetutoa nyumbani akatokea karibu na alfajiri. Aliimba vipande vya nyimbo zake juu ya CD, akatuuliza kama Arusha tupo, kisha akaingia kwenye gari kabla hatujamaliza kuitikia. Uwanja ule unabeba jina la mtu aliyekuwa mshairi, na mimi huumia kuona kazi ya sauti na maneno ikifanyiwa uzembe mle ndani.

Ninaomba kila mwenye kisa akieleze: aliyekuwa getini, aliyekuwa mbele ya jukwaa, aliyekuwa nyuma yake, na hasa aliyewahi kusainiwa na lebo. Majina ya waliotukosea tuyaache, kwa sababu hawapo hapa kujitetea.

Mama wa Ngarenaro

Mimi huuza chakula kwenye matamasha, kwa hiyo nayaona tangu mafundi wanapojenga jukwaa. Muandaaji hutoza ada kila banda kabla ya siku yenyewe, na ada hiyo hairudi hata tamasha likiahirishwa. Mwaka mmoja mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali, ziara ya lebo moja ilisogezwa kutoka Jumamosi hadi wiki iliyofuata kwa tangazo lililotoka saa kumi jioni, wakati ambapo nyama ilikuwa imekwisha kukatwa na ndizi zimemenywa. Tuliwapigia simu waandaaji, wakatuambia kwamba wao pia wameambiwa na uongozi wa msanii, na uongozi wa msanii haukuwa na habari kwamba sisi tupo. Tiketi ziliendelea kutumika wiki iliyofuata, jambo ambalo ni la haki, lakini nyama haikungoja. Niliwagawia vijana waliokuwa wakijenga jukwaa.

Dada wa Shanty Town

Naunga mkono kila neno la mama hapo juu, kwa sababu dada yangu yalimkuta hayo hayo Moshi.

Mzee wa Levolosi

Vijana wangu, naomba na mimi nichangie, kwa kuwa habari ya wanamuziki kutafuta lebo mbali na Arusha haikuanza na bango hilo. Mwaka 1970 ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na George pamoja na William, walitoka Tanga wakaja hapa na kuanzisha Arusha Jazz. Tuliwafuata kwenye kumbi tukiwa vijana wenye suruali pana, na magitaa yao yalikuwa yanazungumza kwa namna ambayo sijaisikia tena katika mji huu. Mwaka uliofuata wakahamia Mombasa, na huko bendi ikawa Simba Wanyika, ambayo baadaye, mwaka 1978, ilimegeka na kuzaliwa Les Wanyika. Waliondoka kwa sababu inayoeleweka kabisa: biashara ya santuri ilikuwa Nairobi. Redio Tanzania ilirekodi bendi zetu vizuri sana, lakini sahani zenyewe zilitengenezwa Kenya na kampuni za Kenya, nasi tukazinunua zikiwa zimevuka mpaka wa Namanga kurudi nyumbani. Mpaka huo ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, mtu wa Arusha aliyetaka santuri mpya alipaswa kuwa na ndugu dereva, na tena dereva jasiri.

Mpiga gitaa mmoja wa enzi hizo aliwahi kunieleza kwamba malipo ya kurekodi yalikuwa ya mara moja. Ukishasaini na kupokea, wimbo ukipigwa miaka arobaini baadaye wewe unausikia kama msikilizaji mwingine yeyote. Nasoma habari za lebo za leo na kusikia sauti yake.

Mangi wa Kiboriloni

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu, ila mwenye mada ametuuliza kuhusu ziara za sasa, na tukirudi kwenye santuri hatutamaliza. Kisa changu ni hiki: sisi wa Moshi siku zote tunapewa Jumapili. Nyota anakuwa ameshamaliza sauti yake Arusha usiku wa kuamkia siku hiyo, wacheza shoo wamechoka, na watazamaji wa Moshi wana kazi Jumatatu asubuhi. Halafu kiingilio ni kile kile. Lebo zinapopanga ratiba zinatuona sisi kuwa kiambatisho cha Arusha, wakati mwimbaji Nandy mwenyewe alizaliwa hapa Moshi na leo ana lebo yake iliyomtambulisha msanii Yammi mwaka 2023.

Kijana wa Sanawari

Mangi, Jumamosi huenda kwenye mji wenye watu wengi wa kulipa. Kama mngekuwa mnajaza uwanja, msingeachiwa Jumapili. Arusha ndiyo iliyotoa makundi ya hip hop, X Plastaz na Nako 2 Nako, ndiyo iliyotoa Joh Makini na kundi lake la Weusi. Lebo zinajua zinakwenda wapi.

Mangi wa Kiboriloni

Njoo Moshi kati ya tarehe 20 na 31 Desemba, wakati Wachagga wamerudi nyumbani kwa sikukuu, au kuhesabiwa kama tunavyotaniwa, ndipo utaniambia nani hajazi uwanja. Desemba nyota hao hao hupigania tarehe huku kwetu, na vyumba vya kulala wageni hupangishwa miezi kabla. Bei ya kiingilio hupanda na watu hulipa bila kuuliza.

Mkazi wa Kaloleni

Ndugu zangu, tafadhali. Umbali wa miji hii miwili ni kilomita 80 tu, na nyota akitua uwanja wa ndege wa KIA, ulio katikati yetu, amefika kwetu sote.

Fundi Vyombo wa Pasua

Nimesoma kimya tangu juzi, lakini neno la mama wa Ngarenaro, kwamba uongozi wa msanii haukuwa na habari kwamba wao wapo, limenifungua mdomo. Mimi ninamiliki vyombo vya muziki: spika, mikisa, jenereta na taa. Ninakodisha kwa harusi, mikutano ya injili na matamasha, na nina vijana wanaonisaidia kufunga na kufungua.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja mwandaaji alinijia akiwa na makubaliano ya kumleta Moshi msanii wa lebo kubwa ambaye wakati huo alikuwa na wimbo mpya uliokuwa ukipigwa katika kila bajaji. Tulikubaliana kwamba anilipe nusu kabla ya kufunga vyombo na nusu ya pili itoke getini usiku huo huo. Huo ndio utaratibu ambao karibu wote tulikuwa tunaufuata, kwa sababu mwandaaji wa mikoani mara nyingi hana fedha ya kutosha mkononi na hutegemea kiingilio.

Kitu ambacho sikuambiwa ni kwamba na lebo nayo ilikuwa imekubaliana naye vivyo hivyo: sehemu ya malipo ya msanii ilitumwa Dar es Salaam, na sehemu iliyobaki ilitakiwa kukabidhiwa kwa meneja kabla msanii hajatoka hotelini. Kwa hiyo fedha moja ya getini ilikuwa imeahidiwa kwa msanii, kwangu, kwa wenye uwanja, kwa walinzi na kwa hoteli.

Msanii alifika. Hilo naomba mlielewe, kwa sababu mjini ilienea kwamba hakuja kabisa. Alitua KIA alasiri, akaja kujaribu kipaza sauti jioni, akanisalimia kwa heshima na kuniomba nipunguze besi kidogo upande wa kushoto. Alikuwa kijana mwenye adabu na mwenye kujua kazi yake. Kisha akarudi hotelini.

Saa nne usiku uwanja ulikuwa umejaa, lakini walinzi waligundua kwamba tiketi nyingi zilizokuwa zikipita zilikuwa za bandia, zimechapwa kwa karatasi inayofanana. Ilipofika saa sita fedha iliyokuwa kwenye sanduku haikutosha kulipa salio la msanii. Meneja alisema kwamba maelekezo aliyopewa na lebo ni kutomtoa msanii mpaka salio likamilike. Mwandaaji alimsihi sana, akamwambia watu wapo, waone wenyewe, amwachie msanii aimbe na asubuhi atauza gari. Meneja alijibu kwamba amewahi kuahidiwa magari katika miji mingi.

Saa nane mvua ilianza kunyesha. Watu wakaanza kuimba wimbo wenyewe, kwa hasira, wakipiga makopo. Mwandaaji aliniambia anakwenda hotelini kumalizana nao, akapanda bodaboda, na usiku ule hakurudi. Mshereheshaji aliposhuka jukwaani bila kusema neno, chupa ya kwanza ilirushwa. Nilikuwa nimeshika mikisa yangu, na vijana wangu wawili walikuwa juu wakijaribu kufunika spika kwa maturubai. Mawe yakafuata. Watu walipanda jukwaani wakaanza kung'oa nyaya, na mmoja akaondoka na kipaza sauti akidhani analipiza kisasi kwa lebo, kumbe analipiza kwa baba wa watoto wanne wa Pasua.

Polisi walipofyatua mabomu ya machozi, umati ulikimbilia kwenye geti moja ambalo bado lilikuwa limefungwa nusu kwa ajili ya kukagua tiketi. Hapo ndipo niliogopa kwa kweli. Nilisikia kilio cha wanawake kutoka upande ule, na taa za upande ule ndizo zilizokuwa zimezimika kwa sababu jenereta ilikuwa imesukumwa.

Kijana mmoja wa Majengo, msanii chipukizi ambaye alikuwa ameimba mapema bila malipo, alinifuata akaniuliza kama kuna spika yoyote inayofanya kazi. Ilikuwepo moja ya pembeni na betri ya mikisa ndogo. Akachukua kipaza sauti kilichobaki, akawaambia watu wa geti warudi nyuma hatua kwa hatua, akawaita kwa mitaa yao, Njoro, Soweto, Rau, Mbuyuni, akawahesabia warudi pamoja, na alipoona wanasikiliza akaanza kuimba. Aliimba bila ala, bila mdundo, mashairi yake mwenyewe ambayo hakuna redio iliyowahi kuyapiga. Watu walirudi nyuma. Geti likafunguliwa lote. Walioumia walitolewa, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyefariki.

Asubuhi kurasa za lebo ziliandika kwamba tamasha la Moshi limeahirishwa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wao. Nilipowapigia, mtu aliyepokea alinijibu kwa upole kabisa kwamba mkataba wao ni kati yao na mwandaaji, na kwamba mimi ni suala la mwandaaji. Kisheria huenda alikuwa sahihi. Mwandaaji alionekana miezi baadaye katika mji mwingine. Mkopo niliochukua kununulia spika zile niliulipa kwa harusi na mikutano ya injili, na kila fedha ya sadaka iliyonifikia niliiheshimu.

Dada wa Shanty Town

Nilikuwa geti lile. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, na mpaka leo hatukuwahi kujua ni nani aliyekuwa akituita kwa mitaa. Tunamshukuru mno.

Kijana wa Sanawari

Fundi, pole sana. Msanii huyo ni yule wa lebo ya mwanzo niliyoifikiria, au ni yule aliyejitoa baadaye?

Mpenda Laivu wa Njoro

Mimi najua ni nani. Kwa maelezo ya wimbo uliokuwa kwenye bajaji hawezi kuwa mwingine.

Mkazi wa Kaloleni

Tafadhali, tulikubaliana kuhusu majina. Tena fundi amesema wazi kwamba msanii mwenyewe alimheshimu.

Mangi wa Kiboriloni

Hapana, suala hili linahitaji kusemwa. Meneja aliona umati, aliona mvua, akaona salio la fedha ni kubwa kuliko watu. Mimi simwachii.

Promota wa Njiro

Mangi, naomba nijibu kwa niaba ya kazi ninayoifanya. Mimi ni mwandaaji, nimewaleta wasanii wa lebo mbalimbali hapa Arusha, na ninaelewa kwa nini meneja alisimama pale aliposimama. Msanii wa lebo hasafiri peke yake. Anakuja na meneja, DJ, wacheza shoo, mpiga picha, mlinzi, wakati mwingine na mwanamitindo, na wote hao wanahitaji tiketi za ndege, vyumba na chakula. Juu ya malipo yao kuna kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), kibali cha halmashauri, barua ya polisi, leseni ya ofisi ya hakimiliki (COSOTA), kodi, uwanja, jukwaa, vyombo, matangazo ya redio na magari ya kuzunguka na vipaza sauti mitaani. Yote hayo hulipwa kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa. Mwandaaji anayetegemea sanduku la getini kulipa salio la msanii hafai kupewa msanii, na lebo iliyokubali utaratibu huo nayo ilijua kwamba inacheza na watu.

Ninakubaliana na lebo katika jambo moja tu: fedha yote itumwe kabla ndege haijaruka. Ninatofautiana nazo katika lingine: mkataba hausemi chochote kuhusu muda wa msanii kupanda jukwaani. Mimi huwa nasisitiza saa iandikwe, na mameneja wengi hucheka.

Mpenda Laivu wa Njoro

Ziandikeni pia ala. Kama mtu analipwa kama mwimbaji, aimbe laivu, si juu ya CD. Wakati wa Kili Marathoni watu wanaamka kabla ya jua, wanakimbia kilomita 42, na hakuna anayewaruhusu kupanda bodaboda nusu ya njia.

Sauti ya Sombetini

Kisa cha fundi kimenifanya niandike jambo ambalo nimelinyamazia. Mimi nilisainiwa na lebo moja ya Dar es Salaam nikiwa na umri mdogo. Walisikia wimbo wangu uliopigwa na redio za hapa, wakanipigia, wakanilipia basi. Mkataba ulikuwa wa kurasa nyingi za Kiingereza. Nilisomewa kwa mdomo sehemu chache, nikasaini mbele ya kamera kwa sababu picha ya kusaini ilikuwa imeshatangazwa, na nakala nilisema nipewe, nikaambiwa iko kwa mwanasheria.

Jina langu la kisanii lilisajiliwa na wao. Akaunti ya YouTube ilifunguliwa kwa barua pepe yao. Nyimbo nilizokuja nazo kutoka Arusha, nilizorekodi kwa fedha ya mama yangu aliyeuza kitenge, zilipandishwa humo kana kwamba zilizaliwa pale. Sikatai kwamba walinipangia chumba, walinivalisha na walilipa video ambayo mimi nisingeiweza. Lakini kila kitu kiliandikwa kuwa deni la kurejeshwa kutoka kwenye mapato yangu, na mapato yakiingia kwao mimi sikuwa na njia ya kuyaona.

Jambo lililoniumiza kuliko yote ni ziara. Lebo ilipokuja Arusha, nyumbani kwangu, nilipangwa kuimba wa kwanza, saa ambayo watu bado wako kwenye foleni. Mama yangu alinunua tiketi kwa fedha yake kwa sababu nafasi za wageni zilikuwa zimekwisha. Alipoingia nilikuwa nimeshashuka. Nilipouliza kuhusu malipo niliambiwa kwamba jukwaa lenyewe ndilo malipo.

Niliondoka. Sasa ninaimba kwa jina langu la kuzaliwa, na mashabiki wa zamani hunitafuta kwa jina ambalo siruhusiwi kulitumia.

Shabiki wa Lebo, Usa River

Kaka, pole, ila tusizichafue lebo zote. Zuchu alitambulishwa na WCB Wasafi, lebo ya Diamond, mwezi Aprili 2020 akiwa hajulikani bara, na leo Afrika Mashariki nzima inamjua. Rayvanny, naye wa WCB, alitoka Mbeya. Nani angeziona video zao kama si fedha ya lebo? Anayewekeza anataka kurudishiwa, hata mkulima wa mahindi hufanya hivyo.

Kijana wa Sanawari

Na wasanii wa WCB walipotaka kutoka je? Rich Mavoko alitoka 2018 kwa mvutano. Harmonize alitoka 2019 na akasema hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500, akaenda kuanzisha Konde Music. Rayvanny naye akaanzisha Next Level mwaka 2021 na kutoka WCB mwaka 2022. Mlango wa kuingia ni mpana, wa kutokea unalipiwa.

Shabiki wa Lebo, Usa River

Na wote watatu ni wakubwa kwa sababu waliingia. Hata Konde ikasaini wengine, na kati ya hao wako waliolalamika vile vile. Tatizo ni mikataba, siyo jina la Diamond.

Kijana wa Sanawari

Hapo nakubaliana nawe.

Mpenda Laivu wa Njoro

Nakumbusha pia kwamba ziara inaweza kuvunjika bila kosa la mwandaaji. Tamasha la Wasafi lilianza Mtwara mwezi Novemba 2018, na tarehe 18 Desemba BASATA ikawafungia Diamond na Rayvanny kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi baada ya kuimba Mwanza wimbo uliokuwa umekatazwa. Adhabu iliondolewa Januari 2019, lakini sisi tuliokuwa tumeweka akiba ya sikukuu kwa ajili ya kuwaona tuliimaliza kwa vitu vingine.

Mzee wa Levolosi

Mwanangu wa Sombetini, nimekusoma mara ya pili. Usikate tamaa ya kutoka hapa. X Plastaz hawakupita Dar es Salaam kwenda duniani. Albamu yao ilitolewa mwaka 2004 na OutHere Records ya Munich, Ujerumani, wakiimba pamoja na Mmaasai aliyevaa mavazi yake ya kila siku, na wakazunguka Ulaya. Father Nelly wa kundi hilo tulimpoteza mwaka 2006 hapa hapa Arusha, na sisi wazee tuliokuwa hatupendi muziki wao tulikwenda msibani kwa sababu tulijua mji umepoteza mtoto.

Kijana wa Sanawari

Asante mzee. Na Weusi nao walijiunga wao kwa wao, wakaifanya kampuni yao, na mwenzao Nikki wa Pili akateuliwa kuwa mkuu wa wilaya mwaka 2021. Chipukizi wa Arusha waungane, wasisainiwe na mtu.

Promota wa Njiro

Kuungana bila fedha ya matangazo ni kuimbiana. Mimi ningemshauri asaini, lakini kwa wimbo mmoja au kwa mwaka mmoja.

Mama wa Ngarenaro

Mimi ningemshauri asisaini kitu chochote ambacho mama yake hajakisoma. Kama kimeandikwa Kiingereza, kitafsiriwe chote kabla ya kalamu kushikwa.

Mwanafunzi wa Sheria, Sakina

Naomba niongeze machache yanayomhusu Sauti ya Sombetini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi kuwa mmiliki wa kwanza wa kazi yake, na uhamishaji wa haki unapaswa kuwa wa maandishi. Haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiwe mtunzi ni jambo tofauti na haki ya kuvuna mapato. Nyimbo ulizorekodi kabla ya kusainiwa zinahitaji kuangaliwa peke yake: je, zimetajwa kwenye mkataba kwa majina? Kama hazikutajwa, una hoja nzito. Kusanya ushahidi wa tarehe: risiti za studio, ujumbe wa simu na mtayarishaji, na redio iliyozipiga kwanza. Kisha zisajili COSOTA kwa jina lako, kwa sababu mirabaha ya redio na televisheni, ambayo ilianza kugawiwa mwaka 2022, humfuata aliyesajiliwa. Na nakala ya mkataba idai kwa barua, uweke kumbukumbu ya kuipeleka. Mtu hawezi kubanwa na karatasi ambayo ananyimwa kuiona bila mahakama kutaka kujua kwa nini.

Sauti ya Sombetini

Nashukuru sana. Hazikutajwa katika zile sehemu nilizosomewa. Mtayarishaji wangu wa Kijenge bado anazo faili zenye tarehe, na mama ana risiti ya studio katika bahasha moja na vyeti vya ubatizo. Barua nitaiandika wiki hii.

Mangi wa Kiboriloni

Msibadili mada bila kunijibu: kwa nini hatuzilazimishi lebo ziandike kwenye tiketi kwamba fedha itarudishwa?

Promota wa Njiro

Kwa sababu mnanunua hata bila kuandikwa. Mimi ninarudisha, lakini nimeona watu wakija kudai na tiketi ambazo sikuzichapa.

Dada wa Shanty Town

Fundi, samahani kukurudisha nyuma. Kijana yule wa Majengo aliyetuita, bado anaimba?

Fundi Vyombo wa Pasua

Dada, bado anaimba. Ana nyimbo mpya, anarekodi hapa hapa Moshi, na mchana anafanya kazi ya kupaka rangi magari. Lebo mbili zimewahi kumpigia. Nimemtumia maelezo ya huyu mwanafunzi wa sheria yote, kama yalivyo.

Promota wa Njiro

Fundi, nina tamasha mwezi ujao Arusha, wasanii wa lebo moja na wengine wa nyumbani. Ningependa kukodi vyombo vyako, na kijana huyo nimpange baada ya saa nne usiku, kwa malipo yaliyoandikwa. Unaonaje?

Fundi Vyombo wa Pasua

Ninakushukuru, kaka. Vyombo vipo na kijana nitamuuliza leo jioni. Kwa upande wangu ninahitaji malipo yote kabla lori halijaondoka Pasua, geti mbili ziwe wazi muda wote, na mkataba wako na lebo uniruhusu niusome kabla ya mimi kusaini wa kwangu.

Promota wa Njiro

Malipo na geti nimekubali. Kuhusu kusoma mkataba, niwaulize kwanza lebo, nitakujibu Jumatatu.